CD inaruka? Kwanza niambie inaruka wapi

Shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, ana redio ya CD aliyoletewa mwaka 1998, wakati wa harusi ya binti yake mkubwa. Mwaka jana, masika yalipokatika, nilipita kumjulia hali nikaikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pamewekwa chombo cha maua ya plastiki. Redio ikishafikia kuwekewa maua, ujue imestaafishwa.

"Shikamoo shangazi. Redio imekufa?"

"Marahaba mwanangu. Haijafa, inaruka. Ikifika wimbo wa tisa inadonoadonoa kama kuku."

"Wa tisa wa CD gani?"

"Zote. Mie nshazoea, ukiisha wa nane nazima."

Fundi aliyeiona kabla yangu alikuwa ameshamwambia lenzi imekwisha, inunuliwe nyingine. Mimi kwa maneno yale ya shangazi nilijua lenzi haina kosa. Lenzi mbovu haichagui wimbo wa tisa.

Tangu zamani ndivyo ninavyofanya. Mtu akiniletea mashine inayoruka, namuuliza: ni CD moja au zote? Ni mahali palepale au popote? Mwanzoni au mwishoni? Akishanijibu, mara nyingi najua nifungue wapi, au kama hakuna haja ya kufungua kabisa.

Sababu iko kwenye namna CD inavyosomwa. Santuri husomwa kutoka nje kwenda ndani. CD ni kinyume, huanza karibu na tundu la katikati na kumalizia ukingoni. Mstari wake ni mmoja tu, umezungushwa kama ukili unavyozungushwa kushonea kawa, ila nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ni mikromita 1.6. Unywele mmoja ukilala juu yake unafunika mizunguko zaidi ya thelathini. Mwanga unaousoma ni leza ya nanomita 780, ambayo jicho la mtu linaiona kwa shida sana au haliioni kabisa.

Usomaji huo unategemea mambo matatu. Kuna mota inayozungusha CD, kwa kasi ya kama mizunguko 500 kwa dakika mwanzoni, ikishuka hadi 200 hivi ukingoni. Kuna lenzi, ambayo inaelea juu ya nyaya laini na kucheza juu na chini, kushoto na kulia, kuufuata mstari. Halafu kuna kigari kinachobeba lenzi hiyo pole pole kwenye reli, kutoka ndani kwenda nje. Kila kimoja kikiugua, muziki unaruka kwa namna yake.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa waya ukutani na uiache mashine kama robo saa, maana kapasita huhifadhi umeme. Na usiitazame lenzi uso kwa uso mashine ikiwa na umeme. Kile kibandiko cha nyuma kinachosema leza ni salama kinahusu mashine iliyofungwa. Kwa kuwa mwanga wenyewe hauonekani vizuri, jicho halitafumba kujikinga. Watoto wakae mbali.

Ni CD moja tu inayoruka

Hapo mgonjwa ni CD. Igeuze, iangalie kwenye mwanga. Vumbi na alama za vidole ndivyo vinavyosumbua zaidi: ioshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kisha ipanguse kwa kitambaa laini cha pamba, ukianzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe mkono kama unayefuta sahani. Mkwaruzo unaokata mstari kwa kupita, mashine inaweza kuuvumilia, kwa sababu CD imeandikwa na ziada ya kurekebisha makosa. Pengo la kama milimita 2.5 kwenye mstari inalijaza yenyewe bila wewe kusikia. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unafuta kipande kirefu cha mstari kwa mkupuo, na hapo mashine haina la kufanya.

Mikwaruzo myepesi ya upande wa chini inapungua kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ile ya jeli. Sugua taratibu kutoka katikati kwenda nje, suuza, kausha. Nimeziokoa CD kadhaa za taarabu namna hiyo.

Wengi wanauchunga upande wa chini na kuuachilia wa juu. Wanakosea. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja inayoulinda muziki. Juu, kati ya maandishi na ile karatasi ya alumini inayobeba muziki, kuna rangi nyembamba tu. Ukiilaza CD kifudifudi kwenye meza yenye mchanga (na Tanga mchanga haukosekani), unaikwangua palipo na uhai wake. Iinue uitazame dhidi ya taa: ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, alumini imetoka, na hapo hakuna dawa.

Za dukani zinacheza, za kuchoma zinaruka

CD ya kiwandani ina vishimo halisi na inarudisha mwanga vizuri. Ile uliyochoma kwenye kompyuta ina rangi iliyounguzwa kuigiza vishimo, na kwa kawaida inarudisha mwanga mchache kidogo. Zile zinazofutika na kuandikwa tena hurudisha mchache sana, na mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hazizisomi kamwe. Usizilaumu.

Choma upya kwa kasi ndogo, na uchome kama CD ya muziki ya kawaida. Mashine ya zamani haijui MP3 ni nini. Kama zamani ilikuwa inasoma za kuchoma bila taabu na sasa inachagua, weka akilini: inaweza kuwa lenzi imeanza kushika ukungu, au leza imeanza kuchoka. Safisha kwanza.

Zote, mahali palepale au kuelekea mwishoni

Huu ndio ugonjwa wa shangazi, na kwa pwani yetu ndio ninaokutana nao kuliko wote.

Kigari cha lenzi kinatembea kwenye fimbo ya chuma iliyopakwa grisi kiwandani. Baada ya miaka ishirini na zaidi, grisi ile inakauka na kuwa gundi. Kigari kinafika mahali, kinakwama. Lenzi inajinyoosha peke yake kuufuata mstari mpaka inafika mwisho wa uwezo wake, halafu inarudi kwa kishindo. Wewe unasikia donoa, donoa, donoa. Nyimbo za mwanzo zinacheza safi kwa sababu huko ndiko kigari kilikozoea kukaa, na reli imejisugua. Ukingoni hakifiki mara kwa mara, hasa kama mwenye redio anazima ukiisha wimbo wa nane.

Nilifungua ya shangazi uani, juu ya sinia ya aluminiamu ili skrubu zisipotee. Grisi ilikuwa na rangi ya sukari guru. Katika giya ndogo nyeupe inayosukuma kigari, kwenye bonde kati ya jino na jino, palikuwa na unywele mmoja wa paka, umejikunja na kushikwa na grisi ile kama nzi kwenye asali. Giya ilipozunguka ikafika pale, kigari kiliruka hatua. Niliutoa kwa pini ya nguo, nikamwonyesha shangazi. Akamwangalia paka, hakusema neno.

Fanya hivi. Zungusha giya kwa kidole, taratibu, upeleke kigari kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Kwenye mashine nyingi kinatakiwa kwenda kwa uzito uleule njia nzima. Pale unapohisi kizito au unaposikia kama kijiwe, simama uangalie kwa tochi. Futa grisi yote ya zamani kwenye fimbo na kwenye meno kwa vijiti vya pamba vya masikioni vilivyochovywa kwenye spiriti safi, ubadilishe kijiti mpaka kitoke cheupe. Kagua kila jino la giya. Lililopasuka halitibiki, giya inabadilishwa. Kisha paka grisi mpya, nyeupe, ile isiyodhuru plastiki, kiasi kisichozidi punje ya mchele kwa fimbo nzima, na ukiendeshe kigari mara tano sita ienee.

Usipake mafuta ya nazi. Najua kila nyumba ya Tanga inayo, najua pia yanalainisha siku ile ile mpaka unajiona fundi. Lakini baridi ya kusi ikiingia mwezi wa saba, usiku yanaanza kuganda, na baadaye yanakuwa utomvu. Mafuta ya kupikia ni yaleyale. Ya cherehani ni mepesi mno, yanatambaa mpaka yanaifikia lenzi.

Ukishasafisha na bado inakwama palepale, shuku mota ndogo ya kigari. Mota ya namna hii ikizeeka huwa na mahali pafu: ikisimamia hapo haiamki mpaka isukumwe.

Zote, lakini nyimbo za mwanzo ndizo zinazosumbua

Hii si ya kila siku. Mwanzoni ndipo CD inapotakiwa kuzunguka kasi kuliko kote, kwa hiyo mota ya kuizungusha ikichoka huonekana hapo kwanza. Mashine inasita, inapiga vipande vipande, ukirukia wimbo wa kumi inatulia. Zungusha kwa kidole kile kisahani kinachokalia CD: kikiwa kizito, au kama kinayumba, ndicho. Angalia pia kama kuna unywele au uzi umejisokota chini yake. Na angalia kile kibano cha juu chenye sumaku kinachoishika CD. Kama hakishiki sawasawa, CD inateleza.

Zote, popote, bila mpango

Sasa ndiyo tuizungumzie lenzi.

Kwa watu wa bara, uchafu wa lenzi ni vumbi. Kwetu ni vumbi na chumvi. Upepo unaotoka baharini unapita Raskazone, unaingia madirishani, na kila unachokigusa kinabaki na unyevu wa chumvi. Tazama nati za baiskeli yako. Kwenye lenzi chumvi ile inaweka utando mwepesi wa kijivu, na hapo ndipo watu wanapokwama, kwa sababu spiriti kali haiyeyushi chumvi. Unasugua, unasugua, unakausha, utando uko palepale.

Mimi naanza na maji ya betri. Nasema yale maji safi yanayouzwa vituo vya mafuta kwa kuongezea kwenye betri, si maji makali ya asidi. Soma chupa mara mbili. Nachovya kijiti cha pamba, nakikamua kwenye karatasi mpaka kibaki na unyevunyevu tu, nagusa lenzi na kuzungusha mara mbili kwa uzito wa kijiti chenyewe. Nafuata na kijiti kingine chenye spiriti ya isopropili, ile safi isiyo na rangi, kisha kikavu. Nasubiri dakika kumi kabla ya kurudisha umeme. Lenzi ile ni ya plastiki na inaning'inia kwenye nyaya nyembamba. Ukiibonyeza kwa nguvu umeimaliza. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha inaiyeyusha, na manukato yanaacha mafuta.

Zile CD zenye kibrashi cha kusafishia sizipendi. Kwa vumbi jepesi zinasaidia, kwa utando wa chumvi zinapaka tu.

Kama lenzi iko safi na bado inaruka ovyo, kagua utepe wa nyaya unaounganisha kigari na saketi. Unajikunja na kujinyoosha miaka yote, na kwenye mkunjo nyaya zake zinakatika ndani kwa ndani. Uchomoe uusafishe ncha zake, uurudishe wima. Mara nyingine hilo peke yake linatosha.

Usisahau na kitu cha kipumbavu kama meza. Kijana mmoja wa Makorora alinibebea mashine yake kwenye baiskeli. Kwangu ikacheza CD nzima bila kosa, akarudi nayo, kesho yake akaja tena analalamika. Nikamfuata kwake: ameiweka juu ya sabufa.

Inaanza vizuri, ikipata moto inaruka

Kama mashine inakubali betri, tia betri mpya uchomoe waya wa ukutani, ucheze saa nzima. Ikitulia, lenzi na mota ni wazima. Tafuta kwenye umeme wake, yaani kapasita zilizovimba vichwa au adapta isiyotoa volti zake. Ikiruka hata kwa betri, angalia sehemu ambazo risasi, ile ya kuchomelea nyaya, imepasuka kwenye saketi, hasa karibu na vitu vinavyopata moto. Joto linatanua, ufa unafunguka. Ukipoa unaziba, na fundi anakuambia haina ugonjwa.

Kuna na hali ya kinyume: inakataa ikitolewa chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa kibarazani. Hiyo ni umande juu ya lenzi. Iache saa moja au mbili, imefunguliwa mlango wa CD.

Haisomi kabisa, inasema hakuna CD

Je, CD inazunguka? Kama haizunguki, anza na swichi ndogo ya mfuniko, ile inayoiambia mashine kwamba mlango umefungwa. Kutu ya chumvi inaipenda sana.

Kisha iangalie leza kwa kamera ya simu. Kwanza elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera na ubonyeze. Ukiona mwanga wa zambarau kwenye kioo cha simu, kamera hiyo inafaa. Toa CD, bonyeza swichi ya mfuniko kwa kijiti, washa, na uishike simu juu ya lenzi huku uso wako ukiwa pembeni. Kwenye kioo cha simu unatakiwa kuona lenzi ikipanda na kushuka mara mbili tatu na chembe ya mwanga. Mwanga ukiwepo haimaanishi leza ni nzima, inaweza kuwepo na ikawa dhaifu. Usipokuwepo kabisa, na utepe ni mzima, leza imekufa au haipati umeme.

Kile kiskrubu kidogo

Kwenye ubavu wa vichwa vingi vya lenzi, yaani kile kipande kinachobeba lenzi na leza pamoja, kuna kiskrubu kidogo cha kurekebisha nguvu ya leza. Mafundi wa haraka hukigusa kwanza. Wanakizungusha, leza inapewa umeme mwingi zaidi, CD inasoma, unalipa, unaondoka unashukuru. Mashine yangu ya kwanza ilifanyiwa hivyo, na fundi yule simtaji. Ilicheza wiki tatu. Leza inayochoka ukiizidishia umeme inaungua upesi, na ile iliyokuwa na lenzi chafu tu inauawa bure.

Kama umeshasafisha kila kitu na hauna mpango wa kununua kichwa kipya, basi piga picha kilipo, weka alama kwa kalamu, kizungushe kiasi kidogo mno, chini ya robo ya robo ya mzunguko, ujaribu. Isiposaidia, rudisha kilipokuwa.

Kichwa kipya ndiyo dawa yenyewe. Mafundi wetu wanakiita kizima chake lenzi, na madukani utaulizwa namba. Imeandikwa ubavuni au chini yake. Redio nyingi za miaka ya 1990 zina KSS-213 ya Sony, lakini ina ndugu wanaotofautiana kwa herufi ya mwisho na kwa namna ya kukaa kwenye reli, kwa hiyo nakili namba pamoja na herufi. Shika chuma kilichogusa ardhi kabla ya kukitoa kwenye mfuko wake, kwani umeme wa mwilini unaiua leza bila kishindo. Halafu kuna tone dogo la risasi kwenye saketi yake, limewekwa kiwandani kuunganisha nguzo mbili za leza ili isidhurike njiani. Ukisahau kulitoa baada ya kuunganisha utepe, kichwa kipya kitakaa kimya na utalaumu muuza duka. Litoe mwisho kabisa, utepe ukiwa tayari umeingia.

Kabla ya kurudisha skrubu za mwisho, weka CD ndefu uliyo nayo, yenye dakika sabini na kitu, uiache icheze yote mpaka wimbo wa mwisho, kwa sababu ukingoni ndiko kigari kinakoenda mbali. Kwa shangazi tulitia CD ya nyimbo za zamani za bendi za Tanga, zile za enzi za Atomic na Jamhuri. Wa nane ulipoisha akanyoosha mkono kwenye swichi kwa mazoea, nikamshika. Wa tisa ukaingia. Akakaa.

"Kumbe huu nao ulikuwemo humu," akasema, akaniagiza niondoe yale maua pale juu.